Mama Zima na Seva Zisizo na Mwenyewe

Jina la Mama Zima alipewa na wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuja kuwatembelea kwa wiki moja na sasa ni mwaka wa sita. Akitoka tu chumbani, taa inazimwa nyuma yake. Mama Zima naye husema nyumba yao ina wifi wa aina mbili: wa mtandao, anayekatika kila saa, na wa ukoo, asiyenyamaza hata akilala.

Kazini alikuwa fundi umeme kwenye jumba la seva, kompyuta zinazofanya kazi mchana na usiku kutunza data za mabenki, za hospitali na za watu wanaopiga picha chakula kabla ya kukila. Mle ndani kulikuwa na baridi ya mochwari. Meneja aliipenda. Alitembea kati ya makabati amevaa koti zito, na aliyelalamikia mafua aliambiwa haelewi teknolojia.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, safu nzima ya tatu ikazimika pu! Simu za wateja zikaanza kulia kama vifaranga.

"Umeme umetuishia," meneja akatangaza. "Tunahitaji jenereta jipya."

"Umeme upo, bosi," alisema Mama Zima. "Tumeuelemeza upande mmoja tu."

"Mama, wewe ni fundi. Haya ni mambo ya mkakati."

"Nipe wiki mbili. Nikikosea, hilo jenereta nitalibeba kichwani."

Meneja akakubali, hasa kwa hamu ya kuona hiyo ya kichwani.

Mama Zima akachukua kipimo chake na kupita kabati kwa kabati. Jumba lilikuwa na laini tatu za umeme. Ya kwanza ilikuwa hoi, ya pili inajikongoja, ya tatu imelala fofofo. Sababu? Kila aliyeleta seva mpya alichomeka kwenye soketi iliyo karibu na mlango, akaenda zake kunywa chai.

La pili lilimchekesha zaidi. Seva kumi na nne zilikuwa zinakula umeme na kupumua joto bila kufanya kazi yoyote, kama wajomba wa msibani. Akazibandika karatasi: "Mwenyewe ni nani?" Siku tano, kimya.

"Tuzizime moja moja," akamwambia meneja. "Atakayelia, tunamwashia."

"Na asipolia mtu?"

"Basi tulikuwa tunalisha maiti."

Akazima kumi na tatu. Hakuna aliyelia. Moja iligundulika ilikuwa ikitangaza ratiba ya kantini iliyofungwa miaka miwili iliyopita. Alipozima ya kumi na nne, meneja akaja mbio, jasho likimtoka ndani ya koti.

"Nani amezima hiyo?"

"Mimi. Ina kazi gani?"

"Ina... kumbukumbu za taasisi."

"Taasisi gani, bosi?"

Meneja akatazama sakafu. "Ya ndoa. Picha za harusi. Ile ya kwanza. Nyumbani siwezi kuziweka."

Mama Zima alikuwa na maneno ishirini mdomoni. Akayameza yote, akaiwasha tena, akamnakilia picha kwenye kidude kidogo cha kubeba mfukoni, kisha akaizima moja kwa moja.

Baada ya hapo akagawanya mzigo kwenye laini zote tatu, akaziba matundu yaliyokuwa yakichanganya hewa ya moto na ya baridi, akapandisha nyuzi za kiyoyozi kutoka kumi na saba hadi ishirini na nne. Hakuna seva iliyozirai. Safu ya tatu haikuzimika tena, na wateja wapya wakapokelewa bila jenereta.

Kwenye kikao, meneja akawasilisha yote hayo kama mkakati wake. Mama Zima alikaa nyuma, akisikiliza. Mkurugenzi akauliza, "Hizo laini mlizigawanyaje?" Meneja akakohoa. Akakohoa tena. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, "Mama ndiye anayejua."

Mama Zima akasimama na ovaroli yake, akaeleza kwa dakika nne, akakaa. Mwezi uliofuata akawa msimamizi wa umeme wa jumba zima.

Amri yake ya kwanza: hakuna kuchomeka kitu bila kumuuliza. Watu wakanuna, wakaandika barua ya malalamiko yenye sahihi tisa. Akaisoma, akasahihisha tahajia, akaibandika mlangoni.