Aliwaambia Wateja Wasubiri, Sasa Paneli Zimemjazia Chumba

Kabla hata ya kupiga mswaki, Mama Jua anauliza bei. Si ya sukari wala unga, ni ya paneli za sola. Mumewe, mwalimu mstaafu, yuko na simu mkononi.

"Imeshuka?"

"Ya paneli au ya hisa?"

"Baba we, usinichoshe roho asubuhi yote hii!"

"Zimeshuka zote mbili."

Mama Jua, fundi wa sola, anajibwaga juu ya boksi. Chumba cha wageni kimejaa paneli arobaini mpaka dirishani. Alizinunua elfu tisini kila moja. Leo duka la ng'ambo ya barabara linauza elfu sitini na tano.

Kiinua mgongo chote cha mumewe kimeishia humo: nusu kwenye maboksi, nusu kwenye hisa za kampuni inayoziuza.

"Nilijiona mjanja," anasema. "Paneli zisiponilipa, hisa zitanilipa. Kumbe bei ikishuka, kampuni nayo faida hakuna, hisa zinaporomoka! Nimeumia huku na huku."

Ila kinachomkosesha usingizi zaidi ni mdomo wake mwenyewe. Mwaka mzima, kila aliyemuuliza bei alimjibu: subiri kidogo, zinashuka. Mtaa ukampenda kwa ukweli huo. Siku aliponunua mzigo, akidhani sasa bei imegota, mtaa mzima ulikuwa bado unasubiri.

"Wananisalimia kwa adabu kabisa," anasema, akijilazimisha kucheka. "'Mama Jua, bado?' Nifanyeje, niwadanganye?"

Saa nne anaingia jirani yake, fundi cherehani. Umeme umekatika tena, na sare za shule alizoahidi zimelala mezani.

"Dada, niambie kweli. Ninunue au ningoje?"

Mwalimu anakohoa, kile kikohozi cha kumwambia mkewe achunge ulimi. Mama Jua anapangusa paneli isiyo na vumbi.

"Itashuka tena, mdogo wangu. Sikufichi."

Mwalimu anafumba macho.

"Basi si ningoje?"

"Jana ulishona sare ngapi?"

"Hata moja."

"Basi usinunue. Nikufungie mbili na betri leo hii, unilipe kila wiki kwa umeme unaotumia. Paneli zibaki zangu. Bei ikishuka, inishukie mimi."

Jirani anamtazama, kisha anamkumbatia. Mwalimu amefumbua macho.

"Hilo umelitoa wapi?"

"Nimelitoa sasa hivi. Lete ngazi."

Akipata wateja wengine wa aina hii, anasema, huenda mwakani maboksi yakaisha, mama yake akaja kulala chumba cha wageni. Lakini kama watashindwa kulipa?

Alasiri yuko juu ya bati la jirani, anakaza skrubu. Mwalimu ameshikilia ngazi kwa mkono mmoja. Mwingine uko mfukoni, kwenye simu.

"Nikuangalizie bei?"

"Thubutu! Shika ngazi."

Anakaza skrubu ya pili. Anakaza ya tatu.

"Haya," anasema kwa sauti ya chini. "Angalia."