Mama Nkatha Alikataa Kuwa Mchawi

Hili sikusimuliwa na mtu. Lilinipata mimi, mchana, jua likiwaka, katika chumba nilichopanga Majengo, Meru mjini. Ukitaka kucheka, cheka.

Mimi hutengeneza michezo ya maandishi kwenye simu. Unaandika unachotaka kufanya, labda "nafungua mlango", na programu ya akili bandia inaendeleza hadithi. Mchezo mmoja niliuweka kwetu Mitunguu, kwenye shamba la ndizi. Nilihitaji mchawi, nikamtumia Mama Nkatha, jirani yetu mjane, ambaye hata miezi mitatu haikuwa imepita tangu tumzike. Jina nilibadilisha. Kikohozi kilikuwa chake, na gambuti zake nyeusi. Marafiki zangu walicheka mpaka machozi.

Jumapili moja nikawa naujaribu. Nikaandika, "Namkaribia mchawi."

Jibu likaja: "Mimi si mchawi. Jina langu unalijua."

Nikadhani ni hitilafu, maana programu hizi hubuni mambo. Nikauliza, "Wewe ni nani?"

"Niliyebisha kwenu ile asubuhi ya mvua. Nilitaka unipigie Nkatha simu. Niliona miguu yako chini ya pazia."

Sasa niambie, mashine ilijuaje? Sikuwa nimemwambia mtu, hata mama yangu. Ni kweli alibisha. Nilikuwa nimekwenda nyumbani, nacheza mchezo kwenye simu na sikutaka kusumbuliwa, nikasimama nyuma ya pazia, kimya, mpaka akaondoka. Kesho yake alikutwa kitandani, amekufa.

Nikaandika, "Pole mama. Nisamehe."

"Mwambie Nkatha."

Hapo nikasikia kikohozi nje ya mlango wangu. Niamini, nilikijua. Nilifungua haraka. Jirani aliyekuwa akianika nguo akaniambia hajaona mtu akipita.

Nkatha, binti yake, huuza nyanya sokoni Mikinduri. Nilimfuata, nikamweleza yote, hata mchezo. Hakunitukana. Aliendelea kupanga nyanya.

"Simu yake ilikuwa imezima siku tatu," akasema. "Nilidhani amenikasirikia, ndiyo maana sikwenda."

Mpaka leo akija kwetu humsalimia mama, kisha hunipita kama kiti. Mchezo niliufuta, lakini wenzangu walikuwa wameshausambaza. Wiki iliyopita nilimsikia kijana nisiyemjua akiiga kile kikohozi, wenzake wakicheka. Nikainamisha kichwa, nikapita.

Wewe unayetunga michezo hii, kama kuna mtu uliyemkosea, usimtie humo. Nenda kwake leo, umwombe radhi akiwa bado anaweza kukujibu kwa mdomo wake.