Boksi la Pini

Dada yangu ni msusi. Vidole vyake vya kati vimepinda kidogo kwa miaka kumi na minne ya kuvuta nywele za watu. Saluni yao ni chumba kimoja, viti viwili, na kioo kilichopasuka pembeni. Kiti cha pili ni cha rafiki yake, ambaye kwa mdomo wake usiofunga breki wateja humwita Kasuku. Mezani kuna boksi dogo la kutunzia pini, lenye picha ya mwanamke mjamzito aliyepigwa mstari mwekundu. Akiingia mteja mwenye tumbo, Kasuku humwonyesha: "Umekatazwa hapo, mama kijacho. Wajawazito mnasinzia kitini, mnaniharibia mistari." Watu hucheka.

Mtindo ambao dada anaujua kuliko yote hamsuki mteja yeyote. Ni wa binti yake wa miaka minne, tunayemwita Bibie. Mistari huanzia utosini, ikashuka pande zote mbili kufunika masikio. Masikio yenyewe ni madogo kama punje za maharage, na hayasikii. Kila Jumapili dada humpakata, humsuka, huku akimhesabia kwa sauti: "Moja. Mbili. Tatu." Bibie hunyoosha mkono nyuma, akauweka kooni kwa mama yake, apate mtetemo.

Dada aliamini kwamba ipo siku sauti hiyo ingepita. Kuna kifaa kinachopandikizwa ndani ya sikio, na hospitali ilikubali kumwekea Bibie bure, mradi picha ya kichwa ionyeshe pa kukiweka.

Jumatatu tulikwenda kuchukua majibu. Daktari wa masikio, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alichora konokono kwenye karatasi.

"Sikio la ndani hujiviringa hivi. La Bibie," akachora duara tupu, "liliishia hapa. Na mshipa wa kusikia hatukuuona, upande wowote."

"Kwa hiyo kifaa mtamwekea lini, dokta?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Hakuna pa kukiweka, mama."

Daktari akauliza kwa upole, "Mimba ilipokuwa changa kabisa, ulitumia dawa yoyote?"

"Hata mafua sikuugua. Labda vitamini. Nilikuwa na chunusi."

"Vitamini gani?"

"A," dada alisema, kwa fahari kidogo, kama mwanafunzi aliyejua jibu.

Daktari akaeleza kwamba ile haikuwa vitamini ya kwenye karoti, bali dawa kali ya chunusi iliyo jamaa yake. Mwili wa mtoto tumboni hutumia vitamini A kama ujumbe: kidogo huku, zaidi kule, ndipo chembe za sikio zikajua zipi ziwe za kusikia na zipi za kuushika mwili usiyumbe. Sikio huanza kama kibonyeo kichwani, mimba ina wiki tatu au nne, mama mwenyewe bado hajui. Ujumbe ukipungua, sikio huharibika. Ukizidi, huharibika vilevile.

"Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu," alisema. "Lakini inafanana sana. Kwenye boksi hukuona picha ya mjamzito aliyepigwa mstari?"

"Sikupewa boksi," dada alijibu. "Nilipewa vidonge."

Ndivyo ilivyokuwa. Pale saluni kila kitu hugawanwa: mafuta, chanuo, hata soda. Kasuku alinunua boksi lenye karatasi tatu za vidonge, akamwonea huruma mwenzake, akamtolea mbili. "Meza, shoga. Vitamini haina ubaya, mbona hata watoto kliniki wanapewa." Dada alimeza kwa siku kumi na tisa, ndipo akajua ana mimba. Boksi lilipobaki tupu, wakalitilia pini.

Tulipoingia saluni Kasuku alikuwa anamkausha mteja. "Haya, semeni! Bibie anafungwa lini hiyo redio yake? Maana akianza kusikia mimi nahama. Umbea wangu wote wa miaka minne nimeupiga mbele yake."

Dada alisimama mezani. Akamwaga pini, akaligeuza boksi mkononi, akasoma maandishi madogo yaliyo chini ya picha. Alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Unatafuta nini humo?" Kasuku aliuliza.

"Hakuna."

Akaokota pini moja moja, akazirudisha. Boksi akaliacha palepale.

Jumapili alimpakata Bibie kama kawaida. Alipasua mstari wa kwanza, akausuka mpaka chini ya sikio. Hakuhesabu. Bibie alinyoosha mkono, akauweka kooni kwa mama yake, akangoja. Mstari wa pili ukaisha, na wa tatu. Akagonga koo kwa kidole, mara mbili.

Dada aliushika ule mkono, akaushusha mapajani, akamgeuza mtoto kichwa, akaendelea kusuka.