Chuma Ulete ya Akili

Mimi nimewahi kumwagiwa petroli katikati ya mtihani.

Usicheke. Petroli halisi, ya dumu, ndani ya chumba cha mtihani, Mkolani hapa hapa Mwanza, mchana kweupe. Na aliyenimwagia nilikuwa nakula naye muhogo sahani moja.

Kosa langu lilikuwa kamba. Kamba nyembamba ya kushonea nyavu, imetungwa nati na vipira.

Kaa nikusimulie mwenyewe, maana mjini wameshaipindisha mno hii habari.

Naitwa Shimba. Kwetu ni Igombe, ufukweni. Baba alikuwa anavua sangara, mimi ndiye naendesha mashine ya boti. Alfajiri moja tukiwa ziwani tukavamiwa na maharamia, wale wa kuiba injini. Baba walimkata shingo kwa panga. Mimi nilipigwa kichwani, nikaokotwa naelea, nimekumbatia dumu tupu.

Hayo yote nimeambiwa. Mimi mwenyewe sikumbuki chochote.

Tangu siku ile kichwa changu kikawa gunia lililotoboka. Kusoma nasoma, kuelewa naelewa, ila nikitaka kukitoa nilichokielewa, patupu. Majina, mpangilio wa vitu, maongezi ya jana, vyote vinavuja.

Hilo ningelivumilia. Kilichonitafuna ni midomo ya watu.

"Yule kijana anaogelea kama kenge," walisema Igombe. "Kamwacha baba yake anachinjwa, kajiokoa."

Baba mdogo alinitamkia hivyo usoni, mbele ya ukoo, siku ya kuanua matanga. Nikainamisha kichwa. Ningemjibu nini? Mtu akikuita mwizi na wewe hukuiba, unaapa. Mimi sikujua kama nilimwacha baba au sikumwacha, sasa naapa kwa lipi?

Hilo ndilo lililokuwa linaniua, si kidonda cha kichwa.

Hospitali nilikutana na dada anaitwa Odeta. Kazi yake ni kuwafundisha watu wenye vichwa kama changu namna ya kuishi navyo. Akaniambia nitunge kamba.

"Kila kitu kwenye kamba kikubebee jambo moja," alisema. "Nati kubwa iwe tangi la mafuta. Inayofuata iwe pampu. Kipira kiwe kabureta. Ukigusa, kichwa kinaamka."

"Dada, si ndiyo kuibia mtihani huko?"

"Kuibia wapi? Mpe hii kamba mtu ambaye hajasoma, aishike mpaka kesho, kama itamwambia neno. Jibu liko kichwani mwako. Kamba inabisha hodi tu."

Nikajiunga na chuo cha ufundi, fani ya injini za boti. Uongozi ukaridhia nitumie kamba kwenye mitihani: isiwe na maandishi, msimamizi aikague kwanza, basi. Ila wakaamua wanafunzi wenzangu wasiambiwe, ati nisije nikachekwa. Jamani, kuchekwa hakujawahi kumuua mtu. Kutojua ndiko kunakoua.

Mshikaji wangu pale chuoni alikuwa Chenge. Jamaa mcheshi, fundi kweli kweli, injini akiisikiliza tu anakwambia inaumwa nini. Kivazi chake kilikuwa shati la mikono mirefu, hata jua la Mwanza liwake vipi. Na kila asubuhi alikuwa na swali lake.

"Vipi mwanangu, leo umekumbuka kitu?"

"Bado, kaka."

"Usijilazimishe. Vitarudi vyenyewe."

Mimi nikaona huu ndio upendo. Hata ndugu zangu wa damu walikuwa hawaniulizi.

Wiki ya mtihani wa mwisho Odeta akanishauri kichwani mwa kamba nifunge kitu cha maisha yangu ya zamani, kitulize moyo kabla sijaanza kuandika. Nikamwomba Mayu, mama yangu. Akafungua kopo lake la sindano, akatoa kipande cha shaba kilichopinda, kimesokotwa na waya wa chuma.

"Hiki tulikibandua kiganjani mwako siku ulipookotwa," alisema. "Vidole vilikuwa vimekaza mpaka tukatumia kijiko. Nadhani ni cha boti. Ng'wanawane, mwanangu, ulikishika ukipambana na mauti, hakikosi la kukwambia."

Nikakifunga. Hakikuniambia kitu, lakini nilikipenda.

Siku ya mtihani msimamizi alikuwa Mwalimu Kokushubira, mama wa Bukoba, mwembamba, sauti kama filimbi ya refa. Akaikagua kamba yangu nati kwa nati, akanirudishia.

Nikagusa kile kipande. Moyo ukatulia. Nikagusa nati kubwa, tangi likaja. Pampu ikaja. Kabureta hiyo hapo. Weee, nikaandika! Sijawahi kuandika vile tangu nipigwe.

Nilipoinua kichwa nikakutana na macho ya Chenge, safu ya pembeni. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaiangalia kamba, jasho linamtiririka, kalamu imemdondoka.

Nikatabasamu kumtia moyo. Nikadhani maswali yamemkaba.

Mara, puu! Yakobo, kijana wa safu ya mbele, kaanguka na meza yake. Macho yamegeuka meupe.

Kabla Mwalimu hajamfikia, Chenge keshasimama.

"Mchawi! Mchawi huyu hapa! Tazameni Shimba ana nini mkononi!"

Watu wakageuka.

"Hirizi hiyo! Chuma ulete ya akili! Anavuta akili zenu anaandika yeye, ndiyo maana Yakobo kaanguka!"

Sasa wewe unaijua Mwanza. Hapa kila mwenye duka ana kisa cha chuma ulete, hela inaingia kwenye droo halafu inaondoka na wenzake kimazingara. Ukichanganya na watu waliokesha wakisoma, mtihani mgumu, na mwenzao yuko chini kama maiti, unategemea nini?

Ngumi ya kwanza ilinivunja jino. Ya pili sikuiona ilikotoka.

Nikaburutwa chini. Wakanipiga mateke ya mbavu, ya mgongo, ya uso. Mmoja alining'oa kucha kwa buti. Mwingine aliinua stuli ya chuma akanishushia begani, nikasikia mfupa unalia. Nilipiga kelele kwamba nina kibali. Nani asikilize? Mdomo wenyewe ulikuwa umejaa damu.

Chenge akaikata kamba kwa ncha ya bisibisi. Nati zikatawanyika kwenye sakafu ya saruji, na lile kundi lote likaruka nyuma. Mmoja alizisukuma kwa fagio. Mwingine kwa ncha ya kiatu, huku anakemea kwa jina la Yesu.

Karakana iko mlango wa pili. Chenge akaenda, akarudi na dumu la petroli ya mafunzo.

Ubaridi wake kwenye vidonda, ndugu yangu, sikuombei uujue. Iliniingia machoni, puani, kwenye jino lililovunjika. Nikasikia mtu anaulizia kiberiti.

Ghafla kitu kikaniangukia juu. Ni Mwalimu Kokushubira, kanilalia mzima mzima, gauni lake linalowa petroli.

"Washeni!" akapiga kelele. "Washeni tuungue wote wawili, mkawaeleze watoto wangu!"

Wakasita. Yule mama hakupoteza nafasi.

"Mnasema hii ni hirizi. Haya, nani kati yenu ameigusa?"

"Mwalimu, nani aguse uchawi kwa mkono mtupu?" mmoja alijibu. "Mpaka fagio."

"Ehe! Sasa Chenge ameokota. Nimemwona kwa macho yangu. Zote kaziacha, kaokota kimoja, katia mfukoni. Yeye haogopi?"

Kila mtu pale alijua, tangu utotoni, kwamba kitu cha mchawi hukishiki, sembuse kukiweka mfukoni. Macho yakahama kutoka kwangu kwenda kwa Chenge.

"Toa ulichoficha," Mwalimu alisema.

Chenge akatoa ile bisibisi. Akamchoma nayo Mwalimu kwenye mkono, akaichomoa, akakimbilia mlango. Akazikanyaga nati zangu. Miguu ikaruka juu, akaanguka chali, kisogo kikapiga saruji, na kile kipande cha shaba kikamtoka mfukoni kikabingirika mpaka mbele ya uso wangu.

Shati lilikuwa limechanika mkono. Kwenye kifundo kulikuwa na kovu nene lililozunguka kama pingu.

Nikatazama kovu. Nikatazama kipande. Kilikuwa nusu ya bangili.

Naapa kwako sikukumbuka kitu. Nilikuwa naangalia tu, kizunguzungu kimenijaa. Ila Chenge alipoona ninavyomwangalia, akapasuka.

"Umekumbuka, si ndiyo? Nilijua tu utakumbuka! Panga halikuwa langu! Mimi nilikuwa na kasia tu, baba yako sikumkata mimi!"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kundi likamrukia. Walewale, kwa mateke yaleyale. Dumu lilikuwa halijaisha, likamwagwa lililobaki. Kiberiti kikapatikana upesi mno.

Nami nilitaka aungue, nikwambie ukweli. Nilitaka nimsikie analia. Lakini nikatambaa kwa mkono mmoja mpaka pale alipo, nikamlalia kama Mwalimu alivyonilalia mimi.

"Msimchome! Huyu ndiye pekee anayekumbuka!"

Wakadhani nimechanganyikiwa. Nikamshika Chenge taya, petroli yake na yangu inachuruzika pamoja.

"Niambie. Nilimwacha baba?"

Alitema damu. Nadhani alielewa kwamba kifuani kwangu ndipo palipobaki uhai wake.

"Hukumwacha. Ulishatuponyoka, ulikuwa umeogelea mbali. Mzee akapiga kelele, ukarudi. Hata sisi tulishangaa. Ukaning'ang'ania mkono mpaka bangili ikakatika. Ndipo nikakupiga."

Nilirudi.

Nililia pale chini kuliko nilivyolia kwa kipigo. Wenye kiberiti wakakirudisha mfukoni mmoja mmoja, hawataki kuonana macho. Polisi walipofika walitukuta tumelala vilevile.

Yakobo? Alizinduka mapema tu, hakuna aliyejali. Alikuwa amemeza dawa za malaria bila kula. Mchawi wake alikuwa njaa.

Chenge na wenzake walifungwa. Nusu ya pili ya bangili ilikutwa nyumbani kwao Chenge, ndani ya godoro. Mwalimu mkono wake umepona, ila kidole kimoja hakikunjiki. Baba mdogo alikuja na mbuzi, akapiga magoti mbele ya Mayu, mtu mzima analia.

Mtihani nilirudia na kamba mpya, na safari hii Mwalimu aliiinua juu watu wote waione, akawaeleza kazi yake. Walicheka kidogo. Kisha wakainama wakaandika. Nilifaulu.

Kichwani mwa kamba hakuna shaba tena, kuna fundo tupu. Nikiligusa linakuja neno moja: nilirudi. Nashukuru hilo halivuji.

Na wewe unayesoma, ukimwona mwenzako ana kifaa usichokielewa, muulize. Na siku ukisikia mtu wa kwanza kupiga kelele "mchawi", usikimbilie kumtazama anayenyooshewa kidole. Mtazame huyo mpiga kelele, uone anaokota nini.