Fundi Sakafu na Kitabu cha Udongo

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wakubwa kwa wadogo walimwita Sakafu, naye aliitika kwa fahari, maana jina hilo alilitolea jasho. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kupiga sakafu: za vyumba, za baraza, za maduka, za zahanati. Ukipeana naye mkono ilikuwa kama umeshika tupa, kwa jinsi saruji ilivyomkausha viganja. Mkewe alikuwa akimtania kwamba mume wake hahitaji brashi ya kusugulia sufuria, anatosha mwenyewe.

Kwa Sakafu, dunia iligawanyika mara mbili: palipopigwa sakafu, na palipobaki. Wala hakuwa na mzaha katika hilo. Alikulia katika nyumba ya udongo, funza wakamla vidole vya miguu, na mdogo wake aliyemfuatia ziwa alikufa kwa kuharisha kabla hajajua kutembea. Mama yao aliamini mpaka kufa kwake kwamba ni uchafu wa ile ardhi uliomchukua mtoto. Ndiyo maana Sakafu alipenda kuwaambia wateja wake, "Ustaarabu huanzia miguuni. Mtu akishakanyaga pakavu, hata mawazo yake yananyooka."

Basi alipofanikiwa kujenga kwake, hakuacha hata kiganja cha udongo. Uani alimwaga zege kutoka ukuta hadi ukuta, akaling'oa na lile jani la mwisho lililochungulia pembeni, akapaka rangi nyekundu na kusugua mpaka kuku wa jirani wakiruka ukuta wakawa wanatua kwa kuteleza.

Kasoro ilikuwa moja, na yeye aliijua tangu siku ya kwanza. Uwanja uliopigwa zege lazima uwe na mahali pa kumwaga maji ya mvua. Kuyapeleka mbele, kwenye mtaro wa barabarani, kungemlazimu kupasua baraza aliyokuwa ameimaliza juzi juzi tu. Kuyapeleka nyuma ilikuwa rahisi: kuinamisha mteremko kidogo tu. Nyuma kulikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta kulikuwa na chumba cha jirani.

"Maji hayakosi njia," alijisemea akiwa ameinama na mwiko wake. Na kweli, hayakukosa.

Jirani huyo alikuwa mama mjane, mshona magodoro. Alijaza sufi kwenye vitambaa vya mistari, akashona kwa sindano ndefu kama mshale, kisha akayabeba kichwani kuwapelekea wateja. Aliishi na baba yake mzee, aliyepooza upande mmoja. Mzee alilala chumba cha nyuma, godoro lake likiwa chini kabisa ili asije akaanguka kitandani. Maneno yaliyombakia yalikuwa machache: "maji," "binti," "asante," na salamu iliyotoka imepinda. Yalimtosha.

Mvua za mwanzo ziliponyesha, mama yule alimwita juu ya ukuta.

"Kaka Sakafu! Maji yako yamekuja kunisalimia."

"Nitayakanya, dada," Sakafu akacheka.

"Yakanye kweli. Yameshaonja sufi yangu."

Naye aliahidi. Lakini kesho yake alipata kazi, na keshokutwa nyingine, na fundi hakosi udhuru.

Wakati huo ndipo binti yake, kitinda mimba anayesoma chuo, alipokuja likizo. Alipoondoka aliacha riwaya mezani, kitabu kinene chenye jalada la kijani.

"Baba, kisome hiki. Humo ndani kuna mtu anafanana na wewe."

"Anafanana na mimi kwa uzuri?"

"Wewe soma tu."

Sakafu hakuwa mtu wa vitabu, lakini hakuna anayeambiwa amesemwa mahali akakosa kwenda kusikiliza. Akaanza. Riwaya ilimhusu mhandisi aliyeapa kujenga mji ambao ndani yake hakuna jani litakaloanguka kwenye udongo, kwa sababu udongo wenyewe hautaonekana. Mito aliitia kwenye mabomba. Vilima alivisawazisha. Kikabaki kiwanja kimoja tu chenye majani, na anayeishi hapo ni mama yake mzazi, bibi kizee aliyekataa kuhama. Kila jioni mhandisi anakwenda kumbembeleza, na kila jioni mama anamrudishia swali. "Mwanangu," anamwuliza, "mstaarabu ni yupi? Anayeufunika udongo ili asichafuke, au anayekubali kuchafuka ili udongo upumue?"

Kurasa za mwanzo zilimtia Sakafu hasira. Alikifunga kitabu kwa kishindo, akamwambia mkewe, "Huyu aliyeandika hajawahi kutolewa funza. Angetolewa hata mmoja, kitabu kingeishia hapo hapo."

"Si ukirudishe basi?"

"Nataka kujua yule bibi atasema nini kesho."

Hivyo ndivyo kilivyomnasa. Kidogo kidogo akajikuta anamwelewa bibi, kisha anamkubali, kisha anamnukuu. Kazini alianza kuwashauri wateja waache pembe moja ya uwanja bila zege. Mwenye duka mmoja alimwuliza kama anaumwa. Mkewe alimsikiliza jioni moja akihutubia juu ya mizizi na pumzi ya ardhi, akamwangalia kutoka kichwani hadi miguuni, miguu ambayo ilikuwa imetulia juu ya zege jekundu linalong'aa.

"Baba watoto, hayo mahubiri yako mbona hayavuki kizingiti?"

"Kila jambo na wakati wake," akajibu.

Siku yenyewe ilikuwa mchana. Mkewe alikuwa amekwenda kumwona dada yake. Mshona magodoro alikuwa ametoka mapema kupeleka godoro upande wa pili wa mji, wakati jua bado linawaka. Mawingu yalikuja ghafla, na mvua ikashuka kama iliyokatiwa kamba. Sakafu alijivutia kiti kwenye baraza, miguu mikavu, kitabu mapajani. Alikuwa amefika pale ambapo mvua kubwa inaushukia mji wa mhandisi, na maji yanapanda ngazi moja baada ya nyingine, kwa sababu ardhi imefunikwa muda mrefu hata imesahau kunywa. Mhandisi anakimbilia kwa mama yake. Anachelewa.

Machozi yalimtoka Sakafu. Mtu mzima, fundi, mbele ya karatasi.

Katikati ya kilio hicho alisikia ko, ko, ko. Ukutani, upande wa nyuma. Aliinua uso. Ikanyamaza, kisha ikaja tena, ko, ko, bila mpangilio. Ni dirisha la jirani, akajiambia, bawaba zimelegea, upepo unalipiga. Akafunua ukurasa. Ikagonga tena, safari hii kwa unyonge. Akafunua mwingine. Alipomaliza sura ile, kugonga kulikuwa kumekoma, naye alikaa pale akiwaza jinsi binadamu walivyo na mioyo migumu.

Kilichomwinua ni ukelele wa mshona magodoro.

Alikimbia kuzunguka kona, akaingia kwao maji yakiwa yanampita vifundoni. Chumba cha nyuma kilikuwa bwawa. Magunia ya sufi yalikuwa yamevimba kama maiti. Godoro lilikuwa limelowa likazama, na mzee alikuwa amelala juu yake, maji yamemfika masikioni, midomo imebadilika rangi, shingo imeinuka kwa nguvu ambazo hakuwa nazo. Mkono wake mzima ulikuwa bado umeshika bakuli la bati. Na ukutani, kwenye usawa wa mkono huo, lipu ilikuwa imebanduka vipande vipande pale bakuli lilipogonga.

Dirisha lilikuwa limefungwa kwa komeo, halitikisiki.

Walimbeba mzee mpaka barabarani, wakapata gari, wakamfikisha hospitali. Ilikuwa homa ya mapafu. Alikaa huko mpaka watu wakaanza kumtaja kwa sauti ya chini kama marehemu, lakini alipona. Alirudi na mwili wake. Yale maneno yake machache hayakurudi.

Majirani walipokuja kumjulia hali waliitukana manispaa. "Hawachimbi mitaro! Wanasubiri tufe!" Sakafu alikuwa amesimama kati yao, naye akatikisa kichwa kukubali. Kule kutikisa kichwa kulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Chakula hakikupita. Usingizi ulimpita mbali. Kazini alichanganya saruji ikaganda karaini, yeye akiwa ameisimamia na kuitazama.

Mwishowe mkewe alimfungia njia mlangoni. "Leo hutoki mpaka useme."

"Nilimsikia," Sakafu akasema.

"Nani?"

"Mzee. Alikuwa anagonga ukuta. Nilidhani ni dirisha."

"Sasa kama ulidhani ni dirisha, kosa lako liko wapi?"

"Sikudhani, mke wangu. Nilitaka liwe dirisha. Nilikuwa nimefika pazuri."

Mkewe hakumpoza wala hakumkaripia. Alimpisha mlangoni, akaenda jikoni, na sauti ya vyombo ikawa inasikika zaidi kuliko kawaida.

Asubuhi Sakafu alichukua nyundo kubwa na sululu, akaanza kulivunja zege lake. Lilikuwa gumu, alilipiga vizuri enzi hizo. Vipande vyekundu viliruka mpaka ukutani. Mshona magodoro akachungulia.

"Kaka, umepagawa?"

Sakafu aliweka nyundo chini. Akamwambia yote: mteremko, ahadi, kugonga, kurasa. Alipofika kwenye kitabu alijaribu kueleza habari za yule bibi, na udongo, na kupumua, labda akidhani ingesaidia kuonyesha kwamba moyo wake haukuwa mbaya. Mama yule akamkata.

"Usiniletee habari za udongo kupumua. Aliyekuwa hapumui ni baba yangu."

Sakafu akainamisha kichwa.

"Tena nikwambie jambo," akaendelea. "Huyo aliyeandika hilo bibi lake, mwambie mimi sakafu naitaka. Nimezaliwa kwenye tope, nimezalia kwenye tope, na tope halijawahi kunifundisha chochote. Sakafu yako haikuwa na ubaya. Ubaya ni wewe. Ulijua maji yanakwenda wapi."

Akashuka ukutani. Tangu siku hiyo salamu yake ikakatika. Akipishana na Sakafu njiani, aliutazama mzigo wake wa sufi kana kwamba ndio unaomwongoza.

Sakafu aliendelea na kazi peke yake. Alipasua baraza, akachimba mfereji mpaka mtaro wa barabarani, akaugeuza mteremko. Kando ya ukuta wa nyuma aliacha ukanda wa udongo na kokoto ili maji yatakayopotea njia yapate pa kuzama. Nyumba yake ikawa na makovu. Watu walipomwuliza kulikoni, hakutaja tena manispaa. Alisema, "Nilimwagia jirani maji. Mzee aliumia." Baadhi walimwona mjinga kwa kujitangaza. Wateja wawili watatu walimhama.

Mvua zilipokwisha, mshona magodoro alikuja kusimama mlangoni. Hakukaribia ndani.

"Njoo uinue sakafu ya chumba cha baba. Iwe juu ya usawa wa nje. Na uipime vizuri."

"Nitaipima, dada."

"Sitaki rangi."

Aliifanya kazi ile kama mtu anayetahiniwa. Mzee alitolewa nje akaegemezwa kwenye mito, uso umeelekea mlangoni, na muda wote Sakafu alipopiga magoti na pima maji yake alijua anatazamwa. Hakuthubutu kuinua macho. Alipomaliza alirudia kona moja ambayo haikuwa na kasoro yoyote, kwa kuwa hakujua atasimamaje.

Binti yake alikuja likizo nyingine akakuta uani pana ukanda wa udongo, akafurahi. "Baba! Kumbe kitabu umekielewa!"

"Kilinitoa machozi."

"Nilijua tu."

"Keti," akamwambia, na akamhadithia. Binti alianza kulia kabla hajamaliza.

"Ningejua nisingekuachia."

"Hapana, mwanangu. Kitabu kilinisema kweli, mimi nikaifanya burudani. Nilimlilia mama wa mtu ambaye hajazaliwa, nikamwacha baba wa mtu anagonga."



Siku hizi mshona magodoro akiwa na godoro la kupeleka mbali, humwita Sakafu kwa kugonga geti, bila maneno mengi, naye huenda kukaa na mzee. Humgeuza ubavu, humfuta uso, humlisha uji kwa kijiko kidogo. Siku nyingine mzee hupokea kijiko baada ya kijiko, macho yake yakiwa mbali. Siku nyingine hufumba mdomo na kugeukia ukutani, na Sakafu hukaa na bakuli mkononi mpaka uji upoe, akaupashe moto, arudi kujaribu tena. Anapopokea, Sakafu hajui kama amesamehewa au mzee ana njaa tu. Hana wa kumwuliza. Hukipuliza kijiko na kukisogeza karibu.