Kidole cha Mfaume na Nozeli ya Dizeli

Nakumbuka siku ile, mwanangu, nilipompelekea kaka yangu Mfaume ugali na kisamvu kwenye karakana ya matrekta Nachingwea, enzi za mashamba makubwa ya karanga. Mpaka leo nikiikumbuka nakasirika.

Kabla ya kuja Nachingwea, Mfaume alikuwa fundi wa malori ya petroli kule kwetu Ruangwa. Injini za dizeli zilikuwa ngeni kwake. Mzee Nandonde, mkuu wa mafundi, aliwaeleza vizuri: injini hii haina plagi ya kuwasha moto, pampu inasukuma mafuta mpaka kwenye nozeli, nozeli inayapuliza yawe kama ukungu, ndiyo maana trekta linalima kutwa kwa mafuta kidogo. "Ikipuliza," akasema, "usiweke mkono mbele."

Basi nafika na chakula, namkuta Mfaume kashika nozeli, mwenzake anapiga pampu, naye kaweka kidole mbele apime nguvu. Akashtuka, akakivuta. Kilibaki kitundu tu, hata damu hakuna.

"Twende hospitali," nikamwambia.

"Dada, kwa kitundu cha sindano? Watu watanicheka."

Nilimsihi mpaka nikachoka. Asubuhi mkono mzima umevimba. Mzee Nandonde alipouona alishika kiuno. "Nilikuambia kwa Kiswahili, nikakuambia kwa Kimwera. Ulitaka lugha gani?" Akampeleka hospitali mwenyewe. Dizeli iliyopenya kwenye kile kitundu ilishaozesha nyama kwa ndani, kidole kikakatwa.

Ungedhani yameisha. Mfaume akarudi Ruangwa, akawaambia watu aliumwa na nyoka. Kila mtu, nyoka. Nikimwambia aseme kweli, anaona aibu. Mpaka injini za dizeli zikafika Ruangwa, na Selemani, fundi aliyefanya naye kazi huko, naye akapima nozeli kwa kidole, akapoteza kiganja kizima.

"Mbona hukuniambia?" Selemani alimwuliza.

 Tangu hapo Mfaume hakukutana na fundi asimwoneshe mkono wake na kumweleza, lakini kiganja cha Selemani hakikurudi.

Sasa wewe, mwanangu, unaniambia injini zenu mpya zinapuliza mafuta kwa nguvu zaidi, tena kompyuta ndiyo inayoyapima. Haya. Ukiambiwa toa mkono, toa. Kikikupata kitundu, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na ukiumia kwa ubishi wako, usimsingizie nyoka. Sema, mwenzako asiumie.

Mwenyezi Mungu akulindie mikono yako yote miwili, akurudishe nyumbani mzima kila jioni.