Mtani Alivyomwigiza Mume Wangu

Siku tuliyomzika mume wangu, mtani alivaa kofia ya marehemu, akajifunga msuli wake, akachukua panga uvunguni, akatoka nalo uani. Ndiyo desturi yetu: msibani mtani humwigiza marehemu, na wewe mfiwa hununi. Mimi nilikuwa ndani, nimeshaanza eda, lakini dirisha lilikuwa wazi. Nikamwona anakwenda kwa maringo, panga juu, halafu anaruka kama aliyekanyaga moto, panga chini, mbio mpaka nyuma ya choo. "Nisameheni, ng'ombe! Mimi na mke wangu njaa tumeizoea!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Shemeji zangu walicheka. Mwanangu wa kumzaa alicheka. Kila aliyecheka jina lake ninalo, siliandiki.

Walichokuwa wanakicheka ni habari ya ufuta wetu, miaka ile mifugo ilipoanza kuingia huku kwetu, njia ya Likawage. Tulikuwa tumeshaukata, tumeusimamisha matita matita ukauke. Ufuta mkavu si lazima uliwe ndipo upotee, ukiguswa tu unamwaga. Ng'ombe walipita katikati yake. Tulimkuta mchungaji palepale na wenzake, fimbo mkononi, na wanaume wa kwetu wakaja mbio na mapanga.

Mume wangu alikuwa mbele, maana shamba lake. Akalaza panga chini, akakaa juu ya ule ufuta uliomwagika, akawapa mgongo watu wa kwetu.

"Kaa na wewe," akamwambia mchungaji. Halafu, bila kugeuka: "Anayetaka kumkata huyu aanze na mimi."

Kaka yake mkubwa akapiga kelele, "Toka hapo, mwanamke we! Umetuita tuje kukutazama umekaa?"

Hakutoka. Mchungaji hakukaa, ila alishusha fimbo, akawapigia ng'ombe mluzi, wakaenda zao. Mwaka ule tulikula mihogo ya kupewa. Lakini hakuzikwa mtu.

Baadaye kaka yake akaja na shauri jingine. Kama mkono umemshinda, basi isomwe Halbadiri, kile kisomo cha kumwapiza aliyekudhulumu, mchungaji afie hukohuko aliko. Mume wangu akakataa. "Kumuua kwa kisomo ni kumuua tu, ila wewe umejificha."

Nilikuwa na hasira naye, nisiseme uongo. Nikamuuliza tunakula, "Ulipokaa pale, uliogopa?"

"Niliogopa. Panga nani asiyeliogopa?"

"Basi wanasema kweli, wewe mwoga."

"Wao nao waliogopa, mke wangu. Ndiyo maana walikuja wengi."

Na woga wake mimi naujua. Kaka yake alichukua mikorosho yote ya baba yao, naye akanyamaza, akawa anapita pembeni wasikutane njiani. Ile mwenyewe aliiita woga, na ilimuuma mpaka anakufa. Ile ya ufuta hakuiita hivyo hata siku moja.

Sasa kwetu mtu akishazikwa, wajukuu hubaki na alivyoigizwa. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kabla mtani hajaondoka nikamwita dirishani.

"Umeniita nikurithi?" akasema. "Subiri eda iishe, bibi kizee, una haraka gani?"

"Mtani, mume wangu hakukimbia."

Akavua ile kofia. "Najua, bibi. Nilikuwepo, na panga langu nilikuwa nimelinoa."

"Basi mwigize alivyokaa."

"Mtu amekaa! Nani atacheka hapo? Nikikaa chini nimenyamaza, watasema mtani ana njaa, mleteeni uji."

"Jaribu. Siku ya arobaini."

Akaniahidi. Na arobaini ilipofika alijaribu kweli, namshuhudia kwa Mungu. Aliingia na panga, akalilaza chini, akakaa mchangani, akawapa watu mgongo, kimya. Nilishika nondo za dirisha. Watu wakangoja. Mwanamke mmoja akauliza, "Mtani, umelala?" Mwingine akasema, "Kaishiwa, huyo." Watoto wakaanza kumrushia kokwa za embe, zinampiga mgongoni. Niliona mabega yake yanapanda. Nikasema kimoyomoyo, kaa, baba, kaa kidogo tu.

Akainuka. Akatoa ukelele, akatimua mbio mpaka nyuma ya choo, na ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Alipopita dirishani kwangu aliniinulia mikono, kama mtu anayeomba radhi, huku anakimbia.

Sikumlaumu. Eda ilikwisha, nikatoka. Wajukuu wananisalimia, shikamoo bibi, marahaba, kisha nawasikia nyuma ya nyumba wanacheza mchezo wa babu na ng'ombe. Nikikaa peke yangu nikitaka kumwona mume wangu pale juu ya ufuta wake, simpati. Anayenijia ni mtani na kofia ile, anakimbia.